Siku Niliyowapeleka Wazee wa Posa Machimboni

Acha niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana najua hii habari imezunguka Eldoret mpaka Moi's Bridge na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake: ni kweli, siku ya kwenda kumposea ndugu yangu mke, niliwafikisha wazee wa ukoo kwa wakwe wakiwa wamekalia magunia ya viazi ndani ya trela ya trekta. Sikuwa nimelewa. Ningekuwa nimelewa ningekuwa na cha kujitetea. Nilikuwa na akili zangu timamu, zote, na ndizo hizo zilizonifikisha pale.

Mimi nauza dawa za mifugo hapa mjini. Dawa ya kupe, dawa ya minyoo, chumvi ya ng'ombe, siku inaisha, kesho ni hivyo hivyo. Maisha yangu hayakuwa na milima wala mabonde mpaka niliponunua gari ya four-wheel iliyochoshwa na mwenyewe wa kwanza, na kwa sababu ya hiyo gari nikaingia kwa grupu ya wapenda magari ya porini. Jamani, mngewaona hao watu! Watu wazima wenye vitambi, wengine wana wajukuu, Jumamosi ikifika wanavaa kofia za wawindaji na buti za kamba nyingi, wanapanda magari yenye matairi ya kutisha watoto, halafu wanaenda wapi? Kunywa chai. Chai na mandazi, hotelini, lami tupu kutoka mlango mpaka mlango, na wakirudi wanatafuta dimbwi moja la kupitisha tairi ndio bibi akiona gari ina matope ajue bwana alikuwa vitani. Na mimi nikawa mmoja wao, tena kiherehere kuliko wote.

Ugonjwa wetu mkubwa ulikuwa vyuma. Bampa ya chuma mbele, vyuma vya ubavuni, na mfalme wa vyuma vyote, lile bamba linalofungwa chini ya injini ili gari ikipita juu ya mwamba tumbo lisiumie. Kwa ile grupu mwanamume bila bamba hakuwa mwanamume. Na ukishalinunua, swali ni moja tu, asubuhi na jioni: "Umelijaribu?" Maana bamba lisilo na mikwaruzo ni aibu. Watu walikuwa wanatuma picha za mikwaruzo kwa simu kama watu wanaotuma picha za mtoto aliyezaliwa, na wengine wanajibu "hongera, hongera" (naona aibu hata kuandika).

Basi nikanunua langu, jipya, limepakwa rangi nyeusi ti. Nikasema sipeleki kwa fundi yeyote, nitalifunga mwenyewe, na nikalifunga kweli, nyuma ya duka, nimelala chali juu ya magunia matupu nikifuata video ya mtu wa ng'ambo. Nyuma lilikaa vizuri. Mbele bolti hazikutaka kulingana na matundu, nikazilazimisha mpaka spana ikakataa kuzunguka, nikajiambia zimeshika. Sasa najua bolti ikikataa si lazima iwe imeshika. Hiyo elimu karo yake nililipa kwa uso.

Sasa, ndugu yangu mdogo, Kibet, ni mwalimu kule kwetu Sugoi, na alikuwa amependana na Wanjiru, binti wa familia yenye duka na shamba la viazi upande wa Burnt Forest. Sisi ni wenyeji wa hii Uasin Gishu, wao wazee wao walikuja zamani kutoka Central. Na Burnt Forest mnaijua, sina haja ya kuwaeleza palipita nini miaka ile ya uchaguzi, wenyeji na waliohamia walipogeukiana. Nyumba ya akina Wanjiru ilichomwa. Walikimbia, wakarudi, wakajenga tena pale pale. Kwa hivyo hii haikuwa posa ya kwenda kula wali tu. Baba yetu alishafariki, na kaka yake, Mzee Cherutich, ambaye sisi tunamwita Baba, ndiye angetuongelea. Huyo mzee alikaa muda mrefu akichagua nani aende na nani abaki, akikata jina la huyu, akirudisha la yule, na sababu yake ilikuwa moja: "Sitaki mtu wa mdomo." Basi akaniangalia, akaona mtu wa dukani, mpole, mwenye gari kubwa, akanipa kazi ya kuwabeba wazee. Hata watu wenye busara hukosea.

Tulitoka asubuhi. Kibet na vijana wenzake walikuwa kwa gari ndogo nyuma yetu. Kwangu mbele aliketi shangazi yetu, Senge Rael, amepakata kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando yanayotiwa makaa, kama mtu aliyepakata mtoto (nilimwambia aweke nyuma kwa buti, akaniuliza kama mimi ningependa kuwekwa nyuma kwa buti). Kiti cha nyuma, Mzee Cherutich katikati, na suti yake ya kijivu inayotoka kabatini kwa harusi na mazishi ya watu wakubwa tu, na wazee wenzake wawili pande zote. Nikaendesha vizuri. Hilo naomba lihesabiwe, kwa sababu hakuna lingine la kuhesabu.

Karibu tunafika, tukakuta magari yamesimama. Lori ya mahindi ilikuwa imezimika kwa kilima. Mtu akapita akisema wanaitoa sasa hivi, mngoje kidogo. Kungoja kidogo! Mtu mwenye bamba jipya chini ya injini angoje kidogo? Kushoto kulikuwa na njia inayoingia machimbo ya mawe, na nilijua inapasua mpaka inatokea upande wa pili karibu na kwa akina Wanjiru. Ni njia ya miamba mitupu, mawe makubwa kama friji, na mimi nikiiangalia nikasikia ile sauti ya grupu kichwani: "Umelijaribu?"

"Tupite hapa, tutafika mbele yao," nikasema, na kabla mtu hajajibu nilikuwa nimekata kona. Kwa kioo nikaona Kibet akinipungia mkono nirudi. Nikadhani ananipongeza.

"Kiprono," Mzee Cherutich akasema kwa upole, "hii ni barabara?"

"Baba, hii gari haitaki barabara."

Mawe ya kwanza tulipita vizuri. Nikasikia bamba likikwaruza, krrr, na niwaambie ukweli nilifurahi kuliko siku mtoto wangu aliposema baba. Wazee nyuma walikuwa wanagongana mabega. Kwa pande zote watu wa machimbo walikuwa wamesimamisha nyundo kutuangalia, akina mama wanaovunja kokoto, vijana wenye mitaimbo, na mimi nikadhani wanashangaa gari. Nikakaza shingo kama waziri.

Halafu tukateremka kwa kishimo chenye udongo, na kutoka pale ilibidi tupande mwamba mmoja mpana. Pale kishimoni nikasikia mlio, tang, tang. Zile bolti za mbele zilikuwa zimeaga. Bamba likaning'inia upande wa mbele, likazama kwa udongo, na gari yangu ikageuka kuwa plau. Nawaambia tulilima! Udongo ulikuwa unainuka mbele ya bampa kama shamba la mahindi mwezi wa tatu.

"Rudi nyuma," Mzee Cherutich akasema.

Angekuwa ni mtu mwingine na akili yake, angerudi nyuma, bamba lichomoke, ashuke, alifungue, mambo yaishe. Mimi nikaingiza gia ya nguvu na kukanyaga mafuta. Bamba likajikunja chini ya tumbo la gari, gari ikapanda juu ya bamba na juu ya mwamba pamoja, ikainua pua, ikainua, ikainua, mpaka nikawa naona mawingu tu, kisha ikatulia hivyo, magurudumu ya mbele yakizunguka hewani bila kazi. Na wakati wa kuinuka, Senge Rael alirusha mikono juu kumwita Mungu. Kibuyu hakikuwa na mikono ya kushika. Kilipita katikati ya viti, kizibo kikachomoka, na mursik yote, ile nzito ya makaa mazuri iliyolala kibuyuni kwa ajili ya wakwe, ikamwagika kwa Mzee Cherutich, kuanzia kofia, kifua, mpaka magoti.

Ilikuwa inasikika inadondoka, to, to, to.

Mzee wa kulia akasema, "Zamani safari ya posa ikiharibika njiani namna hii, watu walikuwa wanarudi nyumbani."

Hapo ndipo nilipoelewa anasema nini. Anasema Kibet arudi bila mke kwa sababu kaka yake alitaka mikwaruzo.

Tukashuka kama watu wanaoshuka mtini. Watu wa machimbo walikuwa wameshatuzunguka, simu ziko juu, na mama mmoja wa kokoto, amejifunga leso kichwani na nyundo bado iko mkononi, akaniangalia kutoka viatu mpaka kichwa, akaniambia, "Baba, mawe huku tunauza, hatupandi." Wenzake wakacheka mpaka wengine wakaketi. Nikajifanya nakagua gari. Nikapiga tairi teke, nikainama, nikainuka, nikasema kwa sauti kubwa maneno ya kiufundi ambayo nilikuwa nimeyasikia kwa video. Jiwe halikusikia.

Ndipo ikaja trekta kutoka upande wa mashamba, imevuta trela yenye magunia ya viazi na viti vya plastiki vimefungwa kamba. Dereva alikuwa mwanamume mzima, ana sweta iliyotoboka kiwiko na gambuti. Akazima injini, akatazama gari, akatazama bamba lililojikunja, akanisalimia vizuri kabisa.

"Kijana, nikufungie mnyororo nikuvute nyuma? Itatoka mara moja."

Sasa sikilizeni mdomo wa mtu mpole wa dukani. Watu wananicheka, simu zinanirekodi, Baba yangu ananuka mursik, na huyu na gambuti zake ananiita kijana. Nikamwambia, "Mzee, hii si mkokoteni wa kuvutwa na trekta. Nyinyi watu wa huku mnajua viazi tu, mambo ya gari mtuachie sisi."

Nyinyi watu wa huku. Nilisema hivyo, Burnt Forest, mbele ya umati. Kicheko kikakatika. Hata kijana aliyekuwa anarekodi alishusha simu. Yule mwenye trekta hakupandisha sauti, alinitazama tu, akaanza kukunja mnyororo wake polepole.

"Sawa," akasema. "Hata mimi nina haraka. Napeleka hivi viti kwa dada yangu. Leo kuna wageni wa Sugoi wanakuja kumchumbia msichana wetu, Wanjiru."

Senge Rael alisema neno moja la Kikalenjin ambalo sitawatafsiria.

Nilitamani mwamba upasuke unimeze, na gari juu. Lakini aliyesogea ni Mzee Cherutich. Alivua ile kofia iliyolowa, akatembea juu ya mawe taratibu mpaka kwa gurudumu la trekta, maziwa yakimtiririka kwa suruali, akasimama pale na kichwa wazi.

"Hao wageni ndio sisi," akasema. "Huyo aliyekutusi ni mtoto wangu, na mimi ndiye nilimleta. Kabla ya posa, kabla ya kitu kingine, naomba msamaha."

Halafu akanigeukia. Hakuniita. Alinigeukia tu, na nikaenda. Nikamwambia yule mzee pole, na ile pole ilitoka nyembamba kama ya mtoto aliyekojoa kitandani. Nikairudia, ya pili ikatoka afadhali.

Mzee Njoroge (hilo ndilo jina lake, ni mjomba wa Wanjiru, ndugu ya mama yake) alimalizia kukunja mnyororo wake pale juu ya kiti cha trekta, pete kwa pete. Kisha akasema, "Hilo neno nimeshalisikia. Mara ya mwisho nililisikia kwa watu waliokuwa na viberiti mkononi. Leo nalisikia kwa mtu ambaye gari yake imepanda jiwe kama mbuzi." Akatikisa kichwa. Bega likaanza kumcheza, kisha la pili, na nikaona anacheka, si kicheko kirefu, lakini anacheka. "Haya, Mzee, pandeni. Viazi haviumi mtu. Gari ya kijana itangoja, haina pa kwenda."

Yule mzee wa kulia, wa mambo ya zamani, akauliza kama kweli tunaendelea. Mzee Cherutich alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwa trela. "Ukiombwa upande na shemeji," akasema, "unapanda."

Na ndivyo tulivyoingia. Kwa geti akina mama wa nyumbani walikuwa wamesimama wakiimba, kama desturi yao ya kuwazuia wageni kwanza mpaka waimbiane, na wimbo ulikuwa umepamba moto walipoona trekta ya Njoroge inaleta viti, viazi, na wazee watatu wa Sugoi na shangazi yao juu yake, mzee mmoja mweupe na kijivu kuanzia kichwa mpaka goti. Wimbo ukafa sauti moja moja. Kibet alikuwa pale ndani na suti yake ya bluu, amefika zamani, kwa sababu ile lori ilitolewa barabarani mara tu nilipokata kona. Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu niliyembeba mgongoni akiwa mtoto.

Mama Wanjiru alimshika Mzee Cherutich mkono, akamwingiza ndani, na baada ya muda mzee akatoka amenawa uso, amevaa koti la kahawia la Baba Wanjiru mwenyewe, mikono imempita vidole. Na hivyo ndivyo alivyoketi kuongelea mahari. Mimi sikuwa ndani, nilipewa kazi ya kumenya viazi na akina mama jikoni (hawakunipa kisu kizuri), lakini ukuta ni wa mbao na nilisikia. Nilisikia Baba Wanjiru akisema, "Sasa mnataka nibishane na koti langu mwenyewe?" na nyumba nzima ikalipuka, wao na sisi, na kutoka hapo sauti zao zilikuwa sauti za watu wanaoongea, si za watu wanaopimana.

Mambo yalikubaliwa. Wanjiru leo ni shemeji yangu, na akinipakulia chakula huniuliza kama sahani ni imara vya kutosha ama niijaribu kwanza.

Lakini kuna kitu hakinichekeshi. Mzee Njoroge alisimulia kila kitu siku ile, jiwe, bamba, mursik, vile nilivyopiga tairi teke (hiyo aliambiwa na watu wa machimbo). Alisimulia kwa mikono na miguu, watu wakalia machozi. Lile neno langu hakulitaja. Alikuwa na kila sababu ya kulitaja, na lingetosha kuvunja ile siku vipande, na alipofika pale alikunywa chai kidogo, akaruka, akaendelea. Nilikuwa mlangoni na sufuria ya maganda. Alinitazama mara moja tu.

Jioni alirudi na mimi machimboni, akafunga mnyororo, akavuta. Gari ilitoka mara moja, vile alivyosema. Yule mama wa kokoto alikuwa bado yuko na alipiga makofi.

Na grupu? Video ilifika huko kabla mimi sijafika nyumbani. Mwenyekiti wetu, yule wa kofia ya mkia wa chui (chui wa kitambaa), mtu ambaye gari yake haijawahi kupanda kitu kirefu kuliko tuta la barabarani, aliandika: "Kamanda amelijaribu." Wakamwaga vicheko, ukurasa baada ya ukurasa, watu ambao jiwe wanalijua la kusugulia miguu. Nikatafuta jibu kali, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, mwisho nikajiondoa. Waliendelea na mandazi yao.

Gari bado ninayo, maana lazima mtu abebe chumvi ya ng'ombe. Lakini sikai tena kwa foleni nikitafuta kona ya kukata, na nikisikia "nyinyi watu wa" inapanda kooni, ya huku ama ya kule, naimeza kavu kavu bila maji. Na nikikuta jiwe barabarani, hata dogo, nasimama, nashuka na viatu vyangu vya kanisa, nalisukuma kando kwa mikono yangu miwili, narudi kwa gari. Abiria wakicheka wacha wacheke. Mimi nishachekwa na wataalamu.